Spesa hazigeuzi krosova kuwa gari la porini

SWALI: Gari langu ni krosova (gari dogo lenye umbo la gari la porini) inayovutwa na magurudumu ya mbele. Nililinunua kwa sababu lilitangazwa kama gari la njia ngumu. Mvua ikinyesha linashindwa kupanda kilima cha udongo, matairi ya mbele yanazunguka palepale. Fundi anashauri spesa za milimita 50 (vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua bodi) na matairi makubwa. Je, litapanda?

JIBU: Halitapanda. Litakwama vilevile, ila likiwa refu zaidi.

Kilichokukwamisha ni kukosa mshiko, si tumbo la gari kugusa chini. Kwenye mwinuko uzito hurudi nyuma, na wewe magurudumu yanayovuta yako mbele, kwa hiyo yanakuwa mepesi pale hasa yanapotakiwa kukandamizwa. Juu ya hapo, difu ya kawaida (kisanduku cha gia kati ya magurudumu mawili) hugawa nguvu sawasawa kushoto na kulia: tairi moja likiteleza, la pili nalo halipati nguvu ya maana hata kama limekanyaga pakavu. Spesa haigusi lolote kati ya hayo.

Inachogusa ni ekseli za mbele. Zimepangwa zitoke kwenye gia boksi zikiwa karibu na usawa. Inua bodi milimita 50 na jointi za CV (viungo vya ekseli vinavyoliacha gurudumu likate kona) zinaanza kuzunguka zikiwa zimejipinda siku nzima. Mpira unaozifunika hujisugua, hupasuka, grisi hutoka, mchanga huingia, kisha unasikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Ukishaisikia hiyo, kubadilisha mpira peke yake ni kupoteza pesa, jointi imekwisha. Matairi makubwa nayo huelemea gia boksi, na kama ni CVT (gia boksi otomatiki isiyo na gia za hatua) mafuta yake hupata joto hadi gari lenyewe linapunguza nguvu. Fundi anayeuza spesa bila kukutajia haya anauza spesa tu.

Funga matairi ya AT (ya lami na njia mbovu) ya saizi ileile ya kiwandani, yote manne. Ukifunga mbele tu, nyuma inaweza kuchomoka kwenye lami iliyolowa. Kabla ya tope shusha upepo hadi psi 20 hivi, nenda polepole, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Zima mfumo wa kuzuia mtelezo (swichi yenye picha ya gari linaloyumba), maana kwenye tope zito hukata nguvu ukiwa katikati ya kupanda. Kama kilima ni kifupi na una mtu wa kukuelekeza, panda kinyumenyume: magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini, uzito unapohamia. Watakucheka, lakini ndiyo mbinu yenye akili kuliko zote kwa gari la aina yako.

Na anayetaka kununua, asisome tangazo, alale chini. Plastiki nyeusi kwenye matao ya magurudumu, reli za juu na ile "bamba ya chuma" chini ya bampa, ambayo mara nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, havivuti chochote. Angalia katikati ya magurudumu ya nyuma. Hakuna difu, hakuna propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma)? Hilo ni gari dogo lililovaa buti. Modeli ileile huuzwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo jina halitoshi. Hata ile yenye difu ya nyuma, nyingi hutegemea klachi ndogo inayopata joto ukiisumbua matopeni, ikajifungua na kukuachia magurudumu ya mbele peke yake. Na kile kitufe cha matope na mchanga kwenye gari la aina yako hubadilisha hasa jinsi pedali ya mafuta inavyoitika na mfumo wa mtelezo unavyofanya kazi.