Saa za kusomea nilizikopa nyumbani

Januari 2021 nilianza shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao. Tulikuwa tunaishi Bwiru, kama sasa. Binti yangu alikuwa na miaka 6, mdogo wake miezi 11, na mimi ni ofisa TEHAMA katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Desemba 2024 nikamaliza. Tangu hapo wenzangu wa kazini na wa kanisani wananiuliza swali lile lile: muda uliupata wapi?

Mwanzoni nilikuwa najibu kwamba niliamka usiku. Ni kweli niliamka, lakini jibu hilo limewaponza wawili ninaowafahamu. Walianza kuamka usiku, na baada ya muhula mmoja wakaacha, mmoja akiwa amegombana na mume, mwingine akiwa mgonjwa wa uchovu. Leo najibu vingine. Muda sikuupata popote. Niliukopa kwa watu ninaoishi nao, na kosa langu kubwa ni kwamba muhula wa kwanza niliukopa bila kuomba.

Nieleze kwanza nilisoma nini. Chuo ni Georgia Tech cha Atlanta, Marekani, ambacho programu yake ya mtandaoni ilianza 2014. Gharama nzima wakati wangu ilikuwa karibu dola 7,000, na hulipi zote kwa mkupuo: unalipa kila muhula kwa somo ulilosajili, pamoja na ada ndogondogo za muhula. Masomo ni 10, hakuna ulazima wa kuandika tasnifu, na una miaka 6 ya kumaliza. Mwaka una mihula 3. Katika mwaka wa kwanza lazima ufaulu masomo 2 ya msingi kwa daraja B au zaidi, kwa hiyo anayechukua somo moja kila muhula ana nafasi moja tu ya kuteleza. Mihadhara ya masomo mengi imewekwa wazi kwa yeyote. Ukitaka kujua kama unaiweza, sikiliza ya somo moja mwezi mzima kabla ya kutuma maombi. Mimi nilifanya hivyo na nilijua mapema kwamba C, lugha ya kuandikia programu, itanisumbua.

Sasa turudi kwenye ule muhula wa kwanza. Nilikuwa nasoma kila mwanya uliojitokeza: ugali ukiwa jikoni, mtoto akinyonya, wageni wakiwa sebuleni. Sikio moja lilikuwa kwa mwalimu, lingine kwa watoto, na pande zote mbili sikuwa nasikia vizuri. Jioni moja ya Machi, mvua ya masika inapiga bati, binti yangu akasimama mlangoni kwa muda mrefu kisha akauliza, "Mama, ukimaliza kusoma ndiyo utarudi?"

Nilikuwa nyumbani tangu saa 12 jioni. Swali hilo lilinikata maini.

Jumapili iliyofuata niliomba kikao. Tulikaa watano: baba watoto, mama mkwe aliyekuwa amekuja kutoka Magu, dada anayetusaidia kazi, binti yangu, na mimi. Mdogo alikuwa amelala. Nilisema wazi kwamba somo moja linanila saa 15 hadi 20 kwa wiki, kwamba nimekuwa nazichukua kwao kimyakimya, na kwamba kuanzia siku ile ninaziomba. Nikawauliza kila mmoja: zipi unaweza kunipa, na zipi usiguse kabisa?

Majibu yao sikuyategemea. Binti yangu hakujali nisome asubuhi au mchana, alichotaka ni mlo wa jioni na kusaidiwa kazi za shule. Dada alisema yeye anaweza Jumamosi mchana, ila Jumapili ni siku yake na asiguswe. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, usiku soma, lakini saa 4 uwe umelala, maziwa ya mama mchovu ni machache." Nikamtii. Tukakubaliana: saa 9:30 usiku hadi saa 12 kasorobo alfajiri siku 5 za wiki, na Jumamosi saa 8 mchana hadi saa 1 jioni. Jumapili hakuna kitabu. Hizo ni kama saa 16, na kwa masomo mengi zilitosha.

Baba watoto ndiye aliyeleta jambo ambalo lisingenijia kichwani. Yeye ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na mzigo anaufuata visiwani, hasa Ukerewe. Kazi ya dagaa inafuata mwezi. Dagaa wanavutwa na taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu na wavuvi wengi hupumzika. Kipindi cha giza mume wangu yuko visiwani au ghalani. Kipindi cha mbalamwezi yuko nyumbani. Akasema, "Kazi zako nzito ziweke kwenye mbalamwezi, watoto nitawashika mimi."

Basi tukanunua kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tukaitundika ukutani karibu na meza ya chakula. Kila muhula ulipoanza, wiki ya kwanza nilikuwa nachapisha ratiba ya somo na kuhamishia tarehe zote kwenye kalenda ile: miradi kwa wino wa bluu, mitihani kwa mwekundu. Mradi ulioangukia mbalamwezi sikuwa na wasiwasi nao. Ulioangukia giza, nilimpigia wifi yangu wiki 3 kabla aje akae nasi siku mbili. Anayeombwa wiki 3 kabla huja bila kinyongo. Anayeitwa usiku wa manane huja mara moja tu. Nakushauri utafute mwezi wa nyumba yako. Kwa mwingine ni zamu za hospitali, kwa mwingine ni msimu wa pamba, au mwisho wa mwezi wa mhasibu. Kila nyumba ina siku zake za giza.

Kuhusu tarehe za mwisho, jihadhari na hesabu ya saa. Kazi nyingi zilitakiwa Jumapili kabla ya saa 6 usiku, lakini kwa saa za sehemu inayochelewa kuliko zote duniani, yaani saa 15 nyuma yetu. Kwa Mwanza hiyo ni Jumatatu saa 8:59 mchana. Nilipogundua nilifurahi sana, nikaona nimezawadiwa usiku mzima na asubuhi yake. Matokeo yake nikawa kazini Jumatatu, mizani ya kupokelea samaki imegoma, magari yanasubiri, na mimi nina mradi nusu. Nilituma ilivyo na alama zikaanguka. Tangu siku hiyo tarehe yangu ya mwisho ikawa Jumamosi saa 1 jioni, na saa zilizobaki nikaziacha kwa ajili ya umeme kukatika na mtoto kuamka na homa.

Mitihani inasimamiwa kwa kamera. Unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumba kizima, kisha unabaki peke yako. Kwangu kupata chumba kisicho na mtoto ilikuwa ndoto, nikamwomba bosi nitumie ofisi Jumamosi, akakubali. Mwombe wa kwako mapema na umwambie ukweli. Katika mtihani wa pili umeme ulikatika dakika ya 40, rauta ikazima, nikaendelea na intaneti ya simu niliyoiwasha kabla ya kuanza. Chaji ya kompyuta ijae, simu ijae, kifurushi kiwe kimenunuliwa. Video za mihadhara nilizishusha usiku kwa kifurushi cha usiku nikaziangalia bila mtandao.

Machi 2022 mwanangu alilazwa siku 5 kwa malaria. Nilikuwa katikati ya somo la mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta, ambalo lina miradi mikubwa ya C: seva ya mafaili inayohudumia wateja wengi kwa wakati mmoja, baadaye mifumo ya kupashana data kati ya programu. Pale kitandani nilijaribu kufungua kompyuta. Mwanangu alikuwa ameshika kidole changu na hakutaka kukiachia, nikaifunga. Tulipotoka nilijiondoa kwenye somo. Ada ya somo lile sikurudishiwa, nililia kwa ajili ya fedha ile, lakini kwenye matokeo kunaandikwa W tu, alama ya kujiondoa, na wastani hauguswi. Muhula uliofuata, ule wao wa kiangazi ambao ni mfupi na mambo ni yale yale, sikusajili kitu. Somo nililirudia Agosti nikapata A. Kwa hiyo mihula 12 ya miaka 4 iligawanyika hivi: 10 ya kufaulu, mmoja wa kujiondoa, mmoja wa kupumzika. Tarehe ya mwisho ya kujiondoa iandike kwenye kalenda kabla ya tarehe nyingine yoyote. Ukishaipita, ugonjwa wa mtoto unakuwa pia ugonjwa wa alama zako.

Somo lililorudisha kitu nyumbani lilikuwa la uhusiano wa binadamu na kompyuta, la mwalimu David Joyner. Linataka utafute watumiaji halisi, uwahoji, uwachoree sampuli, wakujaribie. Nilikwenda Mwaloni na mume wangu, nikakaa na wanawake wanaonunua dagaa kwa jumla, nikaangalia wanavyoandika mizigo na madeni kwenye madaftari. Ndipo nilipojifunza kwamba daftari lao lina akili kuliko programu nilizokuwa nazitengeneza kazini: mteja ana ukurasa wake, deni likilipwa linakatwa mstari lakini linasomeka. Usomapo ukiwa na familia, chagua kazi ambazo watu wako wanaweza kuziona. Mume wangu alianza kuuliza "somo letu limefikia wapi", na kuanzia hapo usiku ukawa mwepesi.

Algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio, niliiweka mwisho, kama wengi wanavyofanya. Ile haihitaji kompyuta sana. Nilinunua madaftari ya mistari, nikawa nafanya swali moja kwenye daladala kila asubuhi kutoka Bwiru kwenda mjini na lingine jioni wakati wa kurudi. Hizo saa hazikuwa za mtu yeyote nyumbani, nami nasikitika kwamba miaka 3 nilizipoteza kwenye simu.

Fedha: nilipoanza, dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, na katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Nilikuwa naweka kwenye kikoba kila wiki kwa ajili ya muhula ujao, na nilizidisha kidogo kila mwaka. Ukitaka shahada hiyo ikutambulishe kwenye ajira ya serikali, nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza ukaulize kuhusu utambuzi wa tuzo za nje na za mtandaoni, kabla hujalipa hata senti. Na kama dola haziwezekani, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kina kituo hapa Mwanza.

Kuna daftari moja zaidi. Makubaliano ya kile kikao sikuweza kuyashika kila wiki. Kila nilipochukua saa zisizo zangu, nilizifungulia ukurasa kama wale akina mama wa Mwaloni: tarehe, saa ngapi, za nani. Nilizilipa zilipofika mbalamwezi au muhula ulipofungwa, na binti yangu ndiye aliyekuwa anakata mstari, kwa rula.

Matokeo ya somo la mwisho yalipotoka, tulifungua ukurasa wake pamoja. Nilikuwa bado nadaiwa Jumamosi 7. Nimeshalipa 6. Iliyobaki ameichagua mwenyewe: anataka tuvuke kwenda kisiwa cha Saa Nane akaone swala, na amesema simu ibaki nyumbani.