Kompyuta Ikizima Swali la 85

Wiki hii nimeandikiwa na dada mmoja aliyeko Texas: "Dada, kompyuta imezima swali la 85. Nimefaulu ama nimefeli?" Kwa ujumla wenu mnaoniuliza hivi: hakuna anayeweza kuwaambia. NCLEX-PN, mtihani wa kupata leseni ya unesi wa ngazi ya LPN hapa Marekani, ina maswali 85 hadi 150, na muda ni saa tano. Ukipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Kompyuta ikiwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kufaulu, au chini yake, inafunga. Kwa hiyo 85 ni harusi au ni msiba. Subiri saa 48 ulipie matokeo yasiyo rasmi, kama jimbo lako linaruhusu.

Mimi nilipita 85, nikapita 100, nikaanza kusali kwa sauti hadi msimamizi akaja kunichungulia. Nilifaulu. Leseni yangu ya LPN nimeitundika sebuleni, na anayeingia kwangu ataiona, atake asitake. Miaka yote niliyokuwa CNA, yaani msaidizi wa manesi, hapa Minnesota, kuna mama ambaye hakuna sherehe ya Wakenya aliyokosa kuniuliza mbele za watu, "Na wewe, bado unaosha wazee?" Jibu alilijua. Sasa haulizi, na mimi sijasahau.

Turudi kwa mtihani. Kinachotuangusha sisi tuliotoka kazini ni kazi yenyewe. Kwenye nyumba ya wazee usiku nesi ni mmoja, kengele zinalia kila kona, na mtu hufanya analoweza. Kwenye mtihani una vifaa vyote, wafanyakazi wote wamekuja, na mgonjwa ni huyo mmoja. Mzee anahema kwa shida, unafanya nini kwanza? Kazini ungeshika simu umwite daktari. Mtihani unataka kwanza uinue kichwa cha kitanda, kwa sababu hilo linamsaidia sasa hivi na halihitaji ruhusa ya mtu. Vilevile kumbuka cheo unachoomba: tathmini ya kwanza ya mgonjwa mpya ni ya RN, nesi aliye ngazi ya juu ya LPN. Wewe chukua yule aliyetulia. Maswali ya kugawa kazi ni mengi, na wengi wetu hujibu kama tayari sisi ndio RN.

Mliosomea uuguzi nyumbani, dawa mnazijua ila majina yamebadilika. Paracetamol huku ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine. Niliyabandika kwenye mlango wa friji na watoto wakayashika kabla yangu. Uzito ukiletwa kwa pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo kabla ya kugusa dozi.

Jingine ni kujibu mtihani kama uko kazini... nimeshasema, lakini narudia kwa sababu mtakosa hapo hapo. Soma maelezo ya kwa nini jibu ni sahihi, hata pale ulipopata. Kufanya maswali mia kwa siku bila kusoma maelezo ni kuchota maji kwa pakacha.

Halafu mniache na hizo grupu za WhatsApp za "maswali halisi." Kabla ya kuanza mtihani unakubali kutotoa siri ya maswali. Anayekuuzia ama anakudanganya ama anavunja sheria, na wewe unatafuta leseni ya kushika maisha ya watu! Mwombe Mungu, lakini soma. Zima simu. Harusi ya binamu itapita bila wewe.

Mwisho, majina. Jina la kwanza na la ukoo ulilojisajilia lazima lilingane na kitambulisho chako. Sisi wa majina matatu, pasipoti inasema hivi, leseni ya udereva inasema vile. Yasipolingana unageuzwa mlangoni na dola zako 200 zimekwenda. Angalia barua ya ATT, ile ya kukuruhusu kufanya mtihani, siku ile ile inapofika, na kama kuna herufi imekosewa, wapigie Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, kabla ya tarehe ya mtihani.