Re: Idadi ya chembe za moshi inashuka, uzito haushuki

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: umechoma udi kwenye chumba kilichofungwa, na baada ya nusu saa idadi ya chembe imebaki nusu, ila uzito wa moshi hewani uko palepale. Usirudishe dukani kifaa chako cha kuhesabu chembe. Chembe zinagongana na kugandana, mbili zinakuwa moja, uzito haupotei.

Kwanza angalia ulianza na ngapi, maana kasi ya kugandana hufuata mraba wa idadi. Zikiwa milioni 1 kwa sentimita ya ujazo, nusu saa hivi inatosha kubaki nusu. Zikiwa 10,000, ni zaidi ya siku 2. Ulianza na chache na bado zimeshuka haraka? Tazama upenyo wa chini ya mlango (mimi ulinipotezea wiki nzima), ingawa hapo hata uzito ungeshuka.

Mfano wa kifaa chako sijawahi kuushika. Lakini vile vya leza vya bei nafuu kwa kawaida havioni chembe zilizo chini ya maikromita 0.3, kwa hiyo namba ikianza kwa kupanda usishtuke: ndogo zimegandana, ndiyo kwanza zinaonekana.