Waya wa kurekodia: tazama tundu kwanza, bei baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kurekodi nyumbani hapa Mtwara, naona mnahangaika sana kutafuta maiki na saundikadi, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, halafu waya mnachukua wowote ule. Waya mbaya unaharibu kazi nzuri, na hakuna programu itakayousafisha ule mvumo wote.

Maiki ya kondensa, ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi, inataka waya wa XLR, ule mafundi wanaouita kanoni, wenye pini tatu. Pini ya 1 ni ya ngao, yaani wavu wa waya unaozingira nyaya za ndani kuzuia kelele. Ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa. Kelele ya feni au ya waya wa umeme ikidakwa njiani, inaingia kote kuwili sawasawa. Saundikadi ikiigeuza tena ile sauti iliyopinduliwa, kelele zinafutana na sauti inabaki. Waya huohuo ndio unaopeleka volti 48 kwenye kondensa, kwa hiyo msiunganishe kwa jeki ndogo ya simu.

Jeki kubwa, ya milimita 6.35, hesabu mikanda ya plastiki iliyoizunguka ile sehemu ya chuma. Mmoja ni wa gitaa na kinanda. Miwili ni wa kutoka kwenye saundikadi kwenda kwenye spika za studio zenye umeme wake. Wa gitaa usizidi mita 6 hivi, maana ukirefuka sauti za juu zinafifia.

Hapa muwe macho: waya wa spika za muziki zisizo na umeme wake nao unaweza kuwa na jeki kubwa kama ya gitaa. Fungua kofia ya jeki uangalie ndani. Wa spika una nyaya mbili nene bila ngao, ukiuchomeka kwenye gitaa unavuma. Wa gitaa ukiuweka kati ya amplifaya na spika unapata moto, na amplifaya inaweza kuungua.

Halafu kuna hewa yetu ya chumvi. Kuanzia Shangani hadi Mikindani shaba inaota kutu ya kijani upesi, kwa hiyo nunueni jeki zenye kofia ya kufungua, fundi redio aweze kulehemu upya. Zile zilizofunikwa plastiki moja kwa moja zikikatika ndani ni za kutupa.

Dukani omba uujaribu. Chomeka, vaa hedifoni, tikisa waya taratibu karibu na kila jeki. Ukisikia mkwaruzo, uache waya hapohapo.