Vincent sio Albert, ni kitukuu wake

Hapana ndugu, umeuliza kama mchoraji wa Australia Vincent Namatjira ndo yule yule Albert Namatjira wa zamani, ni watu wawili, wote Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, na Albert ni baba wa babu yake Vincent. Albert alichora mandhari za jangwani kwa rangi za maji akawa maarufu Australia nzima mpaka akakutana na Malkia Elizabeth 1954, lakini uraia kamili akapewa 1957 tu na mwaka uliofuata wakamhukumu kwa kosa la kumpa Mwaborijini mwenzake pombe, 1959 akafariki. Mi hiyo stori inaniuma mpaka leo.

Sasa Vincent kazaliwa 1983 Alice Springs, mamake akafariki yeye bado mtoto akapelekwa Perth kulelewa na watu baki, utamaduni na lugha ya kwao akavikosa, alipofika kama miaka 18 ndo akarudi kuwatafuta ndugu zake. Leo anafanyia kazi Indulkana, kijiji cha Waaborijini huko Australia Kusini, anachora sura za watu kwa rangi za akriliki, Malkia, Captain Cook, matajiri, na mara nyingi anajiweka na yeye mwenyewe pembeni yao, hapo ndo utamu wa kazi zake ulipo kwa kweli.

2020 akachukua tuzo ya Archibald, tuzo kubwa ya picha za sura za watu Australia, Mwaborijini wa kwanza kuishinda tangu ianze 1921, kwa picha yake na Adam Goodes yule mchezaji wa futiboli ya Australia. Halafu 2024 tajiri Gina Rinehart akataka picha ambayo Vincent alimchora iondolewe jumba la sanaa la taifa Canberra, wakagoma kuitoa, na walifanya vizuri sana.