Kinda lililoanguka: nilirudishe au niliache?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Baada ya mvua ya juzi wanangu waliokota makinda mawili ya shomoro chini ya paa. Moja halikuwa na manyoya, jingine limeshaota na linarukaruka. Mama mkwe alinikataza nisiyaguse, eti yakishikwa na mtu mama yao atayasusa. Lile dogo limekufa. Je, nina dhambi? Na watoto wanataka kulifuga lililobaki. Limeninyea kangani pia, nifanyeje nikitaka kuswali?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, kwa lililokufa huna dhambi inshaallah. Hukulitesa, uliambiwa kuligusa ndiko kutaliponza, ukaamini.

Mama mkwe muelezee kwa adabu, maana wengi tumekua na maneno hayo: ndege hamsusi mwanawe kwa sababu ya mkono wa mtu. Siku nyingine ukikuta kinda lisilo na manyoya, lirudishe kiotani upesi. Kiota kikiwa kimebomoka, toboa kifuu cha nazi chini maji yasituame, tia nyasi kavu, ukifunge karibu na pale pale. Usilimiminie maji mdomoni, huingia mapafuni. Wala mkate na maziwa si chakula chake.

Lenye manyoya halijapotea. Ndiyo linajifunza kuruka, na wazazi wake hulifuata na chakula hapo chini. Likiwa njiani kwa paka, liweke kichakani, muondoke, mkilizunguka hawatashuka.

Kuhusu kufuga: Abu Umayr, mtoto mdogo, nduguye Sahaba Anas kwa mama, alikuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Wanazuoni wakachukua hapo ruhusa, kwa sharti ya kulishwa na kunyweshwa. Lakini hili lenu lina mama anayelitafuta, na hapo hukumu yenyewe tunayo. Sahaba Ibn Mas'ud anasimulia, katika kitabu cha hadithi cha Abu Dawud, kwamba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume akauliza: "Nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake? Mrudishieni." Na waliochukua walikuwa Masahaba, si watu wakorofi. Wasomee wanao hadithi hii kabla hujawanyang'anya. Watalia, lakini watalirudisha wenyewe.

Kanga: kwa madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha ndege ni najisi. Osha palipoguswa tu, uswali. Wallahu a'lam.