Ukitafuta malazi yenye nafasi Lubumbashi, uliza mita kabla ya kuuliza bei

Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), ni mji wa migodi, na bei ya malazi inakwenda na migodi. Kampuni hushika vyumba kwa wiki nzima, wataalamu wanashuka uwanja wa ndege wa Luano Jumatatu na kupanda ndege Ijumaa, na mwenye hoteli anajenga akimfikiria mgeni wa aina hiyo: mtu mmoja, kompyuta moja, sanduku moja. Familia ya watu watano iliyokuja kwa ndoa, kwa matanga au kumuuguza mgonjwa inaingizwa kwenye chumba kisichokusudiwa kwa ajili yake. Inalipa dola nyingi, na usiku watoto wanalala kwenye godoro lililoziba mlango wa bafu.

Nafasi ipo, tena kwa bei inayovumilika. Anayeipata ni yule anayeuliza vipimo, anayejua nyumba kubwa zilijengwa wapi, na anayekagua maji na umeme kabla ya kutoa pesa.

Majina ya vyumba hayana kipimo kimoja. Hoteli moja inaita switi vyumba viwili vyenye mlango katikati; nyingine inatoa jina hilo hilo kwa chumba kimoja kilichoongezewa kochi. Kwa hiyo acha jina, uliza mita za mraba, na uliza kama hesabu hiyo inajumlisha bafu na baraza. Mita 28 zenye bafu la mita 5 na baraza la mita 5 ni chumba cha mita 18, basi.

Mara nyingi wa mapokezi hajui jibu. Mwombe ahesabu karo (vigae) za sakafu, zile za ukuta mmoja na zile za ukuta unaokutana nao, halafu akwambie kila karo ina sentimita ngapi. Karo za sentimita 40, 9 kwa 12, ni mita 3.6 kwa 4.8, yaani mita 17 za mraba na kidogo. Kazi hiyo haimchukui dakika mbili, na inakupa ukweli kuliko picha kumi. Picha za hoteli hupigwa kwa lenzi pana inayosogeza kuta mbali. Kama huna ila picha, pima kwa kitanda: kitanda cha watu wawili huwa na upana wa sentimita 140, 160 au 180, na urefu wa karibu mita 2. Angalia nafasi iliyobaki kati ya kitanda na ukuta ukiilinganisha na upana huo. Ikiwa ni chini ya theluthi moja ya kitanda, hapo mtu anapita kwa ubavu.

Sasa weka hesabu ya watu. Katika chumba hicho cha mita 17, kitanda cha sentimita 180 kinakula mita 3.6 za mraba. Kabati lenye kina cha sentimita 60 linahitaji sentimita 60 nyingine mbele yake ili milango ifunguke. Meza na kiti vinachukua karibu mita 1.5. Kitanda cha nyongeza cha sentimita 90 kwa 190 kinachukua mita 1.7, na kinataka njia ya sentimita 60 pembeni. Kitanda kimoja cha nyongeza kinaingia vizuri. Cha pili kikiingia, kabati halifunguki na masanduku yanapanda juu ya meza. Watu wazima wawili na watoto watatu wanahitaji angalau mita 30 za kulala na kukaa, bafu lihesabiwe mbali.

Ndiyo maana kwa familia tunapendelea vyumba viwili vya kawaida vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, kuliko switi moja. Kwa kawaida unapata mabafu mawili, na mara nyingi bei ya viwili haizidi sana ile ya switi. Lakini hakikisha neno lako limeeleweka: vyumba vilivyo jirani kwenye korido si vyumba vilivyounganishwa. Sema wazi kwamba unataka mlango wa ndani, na kwamba ufunguo wake upo. Milango hiyo mara nyingi imefungwa miaka mingi, kabati limeegemezwa mbele yake, na siku mgeni anapofika ufunguo hauonekani. Waombe waufungue na kukutumia video fupi kabla hujaweka arbuni.

Upande wa wapi?

Mji ulianzishwa mwaka 1910, na sehemu za zamani za komini (manispaa) ya Lubumbashi, kuzunguka Posta na barabara za karibu, zina nyumba zilizojengwa wakati kiwanja kilikuwa rahisi: dari za juu, korido pana, baraza mbele. Baadhi zimegeuzwa nyumba za wageni. Rangi inaweza kuwa imechoka na mabomba ni ya zamani, ila ukubwa wa vyumba ni wa kweli, kwa sababu kuta za matofali mazito si rahisi kuzigawa. Majengo mapya ya ghorofa yaliyobanwa katikati ya mji ni kinyume chake: yanang'aa, lakini vyumba ni vidogo, maana kila mita ya kiwanja inatakiwa ilipe.

Mtaa wa Golf na viunga vyake vina hoteli na apatimenti mpya zaidi, lupango (viwanja vya nyumba) pana, na mahali pa kuegesha magari ndani ya geti. Grand Karavia, hoteli kubwa inayotazama ziwa, iko upande huo. Anayetoka Likasi au Kolwezi na gari lake atapumua vizuri huku kuliko katikati ya mji, ambako gari hulala barabarani chini ya mlinzi. Bel-Air, komini ya Kampemba, kuna nyumba za wageni za bei ya chini kidogo, na ni pazuri kwa anayewahi ndege. Kama mkutano wako uko Kasapa, kwenye chuo kikuu, hesabu pia teksi za kila siku kabla ya kufurahia chumba cha bei rahisi upande wa pili wa mji.

Usizipite nyumba za wageni za masista, mapadri na misheni za Kiprotestanti. Vyumba vyenyewe ni vya kawaida, ila mara nyingi kuna uwanja, sebule ya pamoja, chumba cha kulia na utulivu ambao hoteli za mjini haziuzi. Kwa familia yenye watoto, uwanja ni nafasi. Uliza mapema geti linafungwa saa ngapi usiku. Kama mmekuja kwa harusi, mtarudi baada ya muda huo.

Maji na umeme vinakula nafasi

Chumba kikubwa kisicho na maji ya kutosha ni mateso kwa watu wengi, na hapa ndipo wageni wanadanganyika zaidi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, una delestaji, yaani hukatwa kwa zamu. Karibu kila hoteli itakwambia ina jenereta. Swali la maana ni hili: jenereta inalisha nini? Sehemu nyingi inalisha taa, soketi na televisheni tu. Kiyoyozi na boila (tangi la kupashia maji ya kuoga) vinangoja SNEL irudi. Uliza pia inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Kwa mgonjwa anayetumia mashine au dawa za kuwekwa kwenye friji, jibu la "tunawasha" halitoshi.

Boila ina namba ya lita pembeni yake. Boila ya lita 50 yenye nguvu ya wati 1,500 inahitaji kama saa moja na nusu kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Watu wawili wakioga mmoja baada ya mwingine, wa tatu anapata vuguvugu, wa nne anapata baridi. Watu watano wanataka lita 80 au 100, au mabafu mawili yenye boila mbili. Mwezi wa sita na wa saba jambo hili si la anasa: mji uko juu, kwenye mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto hushuka chini ya nyuzi 10. Miezi hiyo omba mablanketi ya ziada siku ya kuhifadhi chumba, kwa sababu hoteli ikijaa yanakwisha.

Maji ya REGIDESO, shirika la maji la taifa, yakikatika, hoteli inategemea foraji (kisima kirefu cha pampu) na tangi. Tangi la lita 1,000 juu ya paa linatosha apatimenti moja ya watu sita kwa karibu siku tatu, mtu akitumia lita 60 kwa siku. Tangi hilo hilo likilisha vyumba kumi vyenye watu wawili wawili, linataka lita 1,200 kwa siku. Asubuhi ya pili ni ndoo. Na pampu ya foraji inakwenda kwa umeme, basi tunarudi kwenye swali la jenereta. Ghorofa za juu ndizo zinazokosa maji kwanza pampu ikisimama.

Oktoba, kabla ya mvua, ndio wakati wa joto kali. Kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu yake) kinafaa chumba cha mita 15 hivi; ukikiweka kwenye mita 30 kitanguruma usiku kucha bila kupooza. Katika apatimenti angalia kama sebule ina chake, maana watoto watalala huko. Mvua ikianza, angalia chandarua. Kitanda kikubwa kawaida kina chake, godoro la nyongeza kwa kawaida halina hata msumari wa kuning'iniza. Beba chandarua kimoja na kamba.

Apatimenti au nyumba nzima

Kuanzia usiku wa tano, na kwa watu wanne kwenda juu, flati hoteli au apatimenti yenye jiko huwa ni nafuu kuliko hoteli. Jiko linapunguza gharama ya chakula: bukari (ugali), samaki na mboga vya soko vinalisha nyumba nzima kwa bei ya sahani chache za mgahawa. Kabla ya kukubali, tazama jiko linatumia nini, gesi au umeme. Uliza kama mita ya umeme ni ya kulipia kabla, na nani anaiweka pesa. Angalia kama friji inagandisha.

Ukipitia kwa komisionere (dalali wa nyumba), elewaneni juu ya vitu vitatu kabla hamjatoka: pesa yake ya kuonyesha nyumba, asilimia yake mkikubaliana, na garanti (amana) unayompa mwenye nyumba inarudishwa siku gani. Usimtumie komisionere arbuni kwa simu kwa ajili ya nyumba ambayo ndugu yako aliyeko mjini hajaikanyaga. Picha zile zile huzunguka kwa makomisionere wengi, hata baada ya nyumba kupata mtu. Ndugu huyo afungue bomba zote, awashe jiko, ahesabu karo, na azungumze na mwenye lupango mwenyewe.

Bei na kalenda

Juni ndio mwezi mgumu. DRC Mining Week, mkutano na maonyesho ya migodi, huleta wageni kutoka nchi nyingi, vyumba vikubwa vinakwenda kwanza, na bei zinapanda. Kama tarehe yako haibanwi, ikwepe wiki hiyo. Kiangazi chote kina ndoa za Jumamosi, kwa hiyo hoteli zenye ukumbi hujaa na muziki haulali. Kinyume chake, hoteli zinazoishi kwa wageni wa kampuni hubaki na vyumba wazi Ijumaa jioni hadi Jumapili. Hapo omba punguzo bila haya, au omba chumba kikubwa kwa bei ya kidogo. Meneja hukubali la pili kwa urahisi zaidi, kwa kuwa bei ya karatasini haiguswi.

Bei inatajwa kwa dola. Uliza kama TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 imo ndani. Vyumba viwili vya dola 80 kwa usiku nne ni dola 640. TVA ikiongezwa mwishoni unalipa 742.40. Uliza chai ya asubuhi ni ya watu wangapi: chumba cha watu wawili kinatoa chai mbili, na watoto watatu wanaweza kuongezwa kwenye fakitira (ankara) kila siku. Ukilipa kwa faranga, jua kabla kiwango cha hoteli cha kubadilisha dola, si siku ya kuondoka. Noti za dola ziwe safi. Iliyopasuka hata kidogo itarudishwa.

Ujumbe wa kutuma kwa simu unaweza kuwa hivi:

"Jambo mama. Tunakuja watu wazima wawili na watoto watatu, usiku nne, kuanzia Alhamisi. Tunaomba vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, au chumba cha mita 30 bila bafu. Tafadhali tuambie: mita za kila chumba, upana wa vitanda, lita za boila, jenereta inalisha nini na saa ngapi, bei yote pamoja na TVA na chai ya watu watano. Ukiweza, tutumie video ukianzia mlangoni hadi dirishani, bila kukata. Asante sana."

Anayejibu maswali hayo yote kwa utulivu, hata kama chumba chake si cha kifahari, ndiye wa kumpa arbuni. Arbuni iwe ya usiku mmoja, ilipwe kwa pesa ya simu yenye jina la hoteli au la mwenye hoteli, na risiti iandike namba za vyumba vilivyokubaliwa. Bila namba, ukifika usiku utapewa kilichobaki.

Siku ya kufika, tembelea chumba masanduku yakiwa bado garini. Fungua maji moto, lala kwenye kitanda cha nyongeza, fungua kabati lote. Kubadilisha chumba kabla ya kusaini fishi (fomu ya mgeni) ni jambo la dakika tano. Baada ya kulala usiku mmoja ni ugomvi. Mwisho wa kuondoka kwa kawaida ni saa sita ya mchana, na anayetoka Kinshasa akumbuke kusogeza saa yake mbele kwa saa moja, la sivyo atalipishwa nusu siku akidhani bado ni saa tano.